Mikono Miwili Katika Joho Moja

Chuo kile kilikuwa na maprofesa wa nyota, wa mawe, wa mifupa na wa magonjwa ya kuku, na hapakuwa na hata mmoja wao ambaye hajawahi kusimama mikono juu mbele ya Mama Fumua, tumbo amelibana, akiambiwa, "Pumua, baba. Joho halimfichi mtu, linamfunika tu."

Yeye ndiye aliyeshona majoho. Miaka thelathini na mmoja katika chumba kilekile cha chini, nyuma ya karakana ya mabomba: madirisha mawili marefu, cherehani tatu, meza ya kukatia iliyong'arishwa na viwiko, na pasi nzito kama dhambi za jirani. Shule hakuiona hata mlango. Barua za ofisi alisomewa na mama wa chai, na palipotakiwa sahihi aliweka vijistari vitatu vinavyofuatana kama mishono mirefu ya bandi. Lakini nguo aliisoma. Akikutazama mara moja alijua bega lako lipi limeshuka, na wengine husema alijua pia limeshushwa na nani.

Jina la Fumua alipewa na wapishi wa chuo, na yasemwayo juu yake ni mengi, ya kweli na ya kutiwa chumvi, na chumvi yenyewe si haba. Kwamba siku moja alikuwa dirishani, akamwona profesa anapita uani na mkono wa koti umepinda kwa upana wa unywele, akamwita, akaufumua palepale mtu kauvaa, na profesa akaenda kufundisha mkono mmoja ukiwa nje. Kwamba alimfumua bwana harusi suruali akiwa kwenye foleni ya kupiga picha. Kwamba hata siku ya msiba wa mumewe, aliyekuwa dereva wa lori la chuo, alimvuta shemeji yake pembeni katikati ya kilio, watu wakadhani anazimia, kumbe anamkaza kifungo. Hili la mwisho ni kweli. Shemeji mwenyewe anasema shati limeshaoza, kifungo bado kipo.

Wanawe wawili walikuwa mbali, kila mmoja na mji wake. Walimpigia simu mwisho wa wiki.

"Mama, pumzika sasa. Umri umekwenda."

"Nikipumzika nitafumua nini? Nyinyi?"

Walicheka, naye akacheka, kisha simu ikakatika na chumba kikawa kimya kuliko kabla haijalia.

Ndipo akaja Bobini.

Bobini alikuwa mfagizi wa kumbi za mihadhara, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mfupi, wa mviringo, asiyetulia mahali, mwenye watoto wawili na mume aliyekwenda kutafuta maisha akayapata hukohuko. Alipopangiwa kufagia chumba cha ushonaji, siku ya kwanza hakutupa vipande vya nyuzi. Alivipanga juu ya meza rangi kwa rangi, na weusi nao akaugawa mafungu mawili. Mama Fumua akamtazama kuanzia miguuni.

"Nani kakwambia hizo ni rangi mbili?"

"Si ni mbili, mama? Huu mweusi wa mkaa, huu mweusi wa sufuria."

"Maprofesa watatu wameniapia ni moja. Weka ufagio, keti."

Akamtaka awe mwanagenzi wake. Msimamizi wa karakana alinung'unika kwamba mwanagenzi wa umri ule ni mhenga, lakini nani angebishana na mtu anayejua vipimo vya kiuno chake tangu kikiwa chembamba?

Katika chumba kile sifa hazikuwepo. Kazi ikiisha, mwanagenzi aliiweka mezani. Mama Fumua alipitisha kidole juu ya mshono, polepole, kama mtu anayesikiliza mlangoni, kisha akasema neno moja: "Fumua." Asiposema kitu, basi hiyo ndiyo sifa. Mwaka wa kwanza Bobini alifumua kila alichoshona.

"Mama," alisema siku moja, nyuzi zimemjaa nywelini, "kufumua nimeshahitimu. Kushona naanza lini?"

Mama Fumua alicheka mpaka akakalia sindano, na hata hapo, akiwa ameshika makalio, akasema, "Fumua."

Mwaka wa pili, siku ambayo haikuwa na lolote la pekee, alipitisha kidole juu ya pindo la joho, akanyamaza. Akapitisha tena. Akanyamaza. Bobini amesimama, kiganja mdomoni.

"Unangoja nini?"

"Nangoja neno, mama."

"Halipo. Lete jingine."

Bobini alikwenda nyuma ya mlango wa stoo akalia, na Mama Fumua akainama chini ya meza kutafuta chaki ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Mwaka wa tatu ulikuja na mazoea mapya. Kila asubuhi Mama Fumua alikuta sindano kumi zimeshatungwa uzi, zimechomekwa kwenye kimto chake. "Ili tusipoteze muda, mama," Bobini alisema. Mama Fumua aliona ni heshima, akaipokea kama heshima. Hakujiuliza kwa nini heshima hiyo ilianza wiki ileile aliyoanza kulalamika kwamba siku hizi viwanda vinatengeneza sindano zisizo na tundu.

Sasa, kila mwaka chuo kilikuwa na siku ya kuwatuza wanagenzi wake bora. Karakana zote zilileta kazi: mabomba, umeme, useremala, uchapaji, bustani. Chumba cha ushonaji kilikuwa hakijawahi kushinda, kwa sababu, alivyosema Mama Fumua, majaji walikuwa wahandisi, na mhandisi kitu kisichotoa moto wala maji hakioni. Lakini mwaka ule mambo yalibadilika. Waliongeza jaji fundi wa suti kutoka mjini, na mkuu wa chuo akatangaza kwamba atakayekuwa wa kwanza ataajiriwa moja kwa moja, katika karakana yake, mpaka astaafu. Wa kwanza tu. Wa pili na wa tatu watapata cheti na barua ya sifa ya kutafutia kazi kwingine.

Mkataba wa uanagenzi wa Bobini ulikuwa unaisha mwezi uleule. Akishinda, chumba ni chake. Asiposhinda, anatoka mwisho wa mwezi, na Mama Fumua anabaki na cherehani tatu na mikono miwili.

Sharti lilikuwa moja, na msimamizi alikuja kulisoma mara mbili: kazi iwe ya mkono mmoja. Ukionekana mkono wa pili, hata wa mwalimu, kazi inaondolewa mezani.

"Umesikia, mama?"

"Masikio ninayo. Kilichopotea humu ni kiuno chako."

Bobini aliamua kushona joho jipya la mkuu wa chuo. Kitambaa cheusi, bitana nyekundu, na ukosi mpana wa kushona kwa mkono kuzunguka shingo yote: uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, mshono wa kujificha, ule ambao ukishonwa vizuri hakuna atakayejua kama ulishonwa. Wiki nne alikaa nao. Aliomba jambo moja tu. "Mama, tafadhali. Hili usiliguse. Hata kwa kidole."

Mama Fumua akaahidi. Na aliteseka! Mama wa chai alimkuta siku moja amekalia viganja vyake vyote viwili, anatazama ukuta.

"Vipi, una baridi?"

"Nimevifunga hivi. Vinataka kutoroka."

Siku moja kabla ya tuzo, saa saba mchana, Bobini alikwenda ofisini kupigwa picha ya kitambulisho cha mashindano. Joho lilikuwa limevishwa kiwiliwili cha mbao karibu na dirisha. Mama Fumua akapita. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anafuata birika. Akatupa jicho. Upande wa kushoto wa ukosi, kiasi cha shibiri moja, mshono ulikuwa umepinda.

Akasogea. Umepinda. Akarudi nyuma hatua tatu. Umepinda bado. Akafumba macho, akafumbua, mstari ukamchezea kama nyoka majini.

Angemwita mwenyewe. Hilo alilijua. Lakini ofisi ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na fundi wa miaka yote hiyo akiona mshono uliopinda hafikiri, kama vile mama haanzi kufikiri mtoto anapoanguka. Alipotahamaki wembe mdogo alikuwa nao mkononi, na nyuzi fupi nyeusi zilikuwa zimeshaanza kuanguka juu ya kiatu chake. Akafumua shibiri ile. Akachomoa sindano moja kati ya zile kumi. Akashona upya, ulimi kaubana kwa meno, akimnong'oneza Mungu amshikie mwanagenzi wake kule, foleni isiende haraka. Alipomaliza alipitisha kidole. Ncha ya kidole kile ilikuwa imechomwa na sindano miaka hamsini, imevaa ngozi ya kobe. Ilimwambia kila kitu ni shwari.

Akapiga pasi juu yake, akaokota nyuzi, akakaa.

Bobini akarudi anahema. "Umelitazama, mama?"

"Nimelitazama."

Wala hakuongeza neno. Na Bobini akatabasamu mpaka masikioni, kwa sababu katika chumba kile kimya ndiyo ilikuwa sifa.

Kesho yake ukumbi mkubwa ulipangwa meza. Mwanagenzi wa mabomba alileta pampu inayopandisha maji kwa kukanyagwa na mguu. Wa useremala alileta kiti kinachokunjwa kikawa sanduku. Mama Fumua alikuwa pale tangu saa mbili kamili, amevaa gauni lake la shughuli, anamwita kila apitaye.

"Pitisha kidole, usiogope! Atakayekuta kifundo nitamshonea suruali ya bure, tena ya kumbana!"

Bobini aliingia saa mbili na nusu, ametoka kuwapeleka watoto shule. Alifanya kila mshonaji afanyacho kabla ya kuiaga kazi yake: akapitisha kidole kuzunguka ukosi. Upande wa kulia, nyuma ya shingo, upande wa kushoto. Hapo kidole kikasimama. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa. Akainuka, akamtazama Mama Fumua.

Mama Fumua wakati huo alikuwa amemshika mkono mkutubi na wenzake watano wa maktaba. "Mnauona ukosi huu? Nimefundisha watu kumi na saba katika chumba kile. Wote walikuwa vidole. Huyu ndiye mkono. Sasa hata nikifa, chumba kina mwenyewe."

Bobini alikuwa na sindano yenye uzi mweusi, siku zote imechomekwa kifuani mwa blauzi. Akaichomoa. Majaji walikuwa bado nusu saa. Akaishika kidogo, anamsikiliza mzee akimsifu, jambo ambalo hakuwahi kulisikia kwa miaka mitatu. Kisha akairudisha kifuani.

"Una nini wewe, mbona umebadilika?"

"Tumbo tu, mama."

"Ndilo tumbo la mshindi hilo. Nenda kanywe maji."

Saa tisa mchana watu walijaa ukumbini. Mshereheshaji, mwalimu mwenye sauti ya kuuza ng'ombe, alimwita kwanza wa tatu: seremala na kiti chake. Makofi. Kisha akasema wa pili atatangazwa na jaji wa mishono. Mama Fumua akamshika mama wa chai paja.

"Wamesema wa pili?"

"Wamesema wa pili."

"Basi si wetu. Wetu ni wa kwanza. Tulia."

Jaji, mzee aliyening'iniza miwani kwa mnyororo, alimwita Bobini jukwaani, akampa cheti na barua, akamshika bega.

"Kazi hii," akasema, "tangu asubuhi ilikuwa ya kwanza. Sijaona mkono kama huu hapa mjini kwa miaka mingi. Lakini fundi hupimwa kwa mshono wake mbaya kuliko yote. Naonyesha hili si kwa kumwaibisha, bali wengine mjifunze."

Ukutani ikatokea picha ya ukosi, mkubwa kama mlango wa ghala.

Mishono ilikuwa mizuri ajabu. Midogo, sawasawa, imefuatana kama sisimizi wanaokwenda kwenye sukari. Halafu upande wa kushoto wale sisimizi wakalewa. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umepanda juu, mwingine umechomoza nje kabisa. Shibiri nzima ilikuwa kama kuku aliyekanyaga wino akafukuzwa.

Ukumbi ukacheka. "Huyo hapo alikuwa anasinzia!" mtu akasema nyuma, wakazidi kucheka, na Mama Fumua naye akacheka, maana fundi ni fundi. Mdomo wake ulishafunguka kutoa lile neno lake. "Fu..."

Likamkwama hapo.

Kila baada ya mishono mitano, palikuwa na mmoja uliorudi nyuma, mdogo, umelalia kushoto. Huo haukuwa mshono wa Bobini. Bobini hakufundishwa. Hakuna aliyefundishwa. Ulikuwa wa msichana mmoja wa miaka kumi na mbili, aliyefunzwa na shangazi yake sebuleni, akipigwa futi ya mbao vidoleni kila aliporudisha sindano nyuma, na hakuacha. Katika dunia nzima mkono uliorudi nyuma namna ile ulikuwa mmoja, na sasa hivi ulikuwa juu ya paja la mama wa chai.

Akatazama tena ukutani. Picha ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata yeye aliiona.

Akasimama. Alitaka kusema, na maneno hayakuwa shida yake maishani. Lakini kule jukwaani Bobini alikuwa anamtazama yeye peke yake kati ya watu wote wale, cheti kifuani, na akatikisa kichwa. Mara moja tu, kwa ukali, kama mtu anayekata uzi kwa meno. Mkono wa pili ukitajwa, kazi inaondolewa mezani. Hata hicho cha pili kinaondoka.

"Kaa, mama," msimamizi akamnong'oneza toka nyuma, "zamu ya walezi bado."

Akakaa.

Wa kwanza akawa kijana wa pampu. Alilia, babake akalia, wakakumbatiana mpaka kitambulisho kikakatika kamba. Hakuwa hata na sura ya kuchukiwa. Kisha mshereheshaji akawasimamisha walezi wote wa wanagenzi. "Wapigieni makofi! Penye wazee haliharibiki neno!"

Mama Fumua alisimama, akapigiwa makofi.

Alimkuta Bobini nyuma ya ukumbi, kwenye bomba la kunawia, ananawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Uliona asubuhi," Mama Fumua akasema.

"Niliona."

"Ulikuwa na sindano."

"Nilikuwa nayo."

"Na nusu saa."

"Ningemaliza na dakika zingebaki."

"Sasa, mwanangu, kwa nini..."

"Ulikuwa umesimama pale, mama! Maktaba nzima inakusikiliza! Nifumue mbele yao? Ningefumua uzi ule, ningekufumua wewe."

"Ungenifumua. Mimi nimechakaa, nafumulika."

Bobini hakucheka. Mama Fumua akashika ukingo wa sinki. "Niliuona umepinda. Haki ya Mungu, niliuona umepinda."

"Haukupinda."

"Niliuona kwa macho yangu haya."

"Macho yapi, mama? Nani anakutungia sindano?"

Bomba lilikuwa bado linatiririka.

"Mwaka mzima," Bobini akasema, sauti imeshuka. "Jioni ukitoka napitia mapindo yako. Yaliyokwenda vibaya nayafumua, nayashona upya kabla sijaenda kuchukua watoto. Nilijua. Nikasema akinikabidhi chumba kwa amani, hakuna haja ya mtu kujua. Nikakuomba jambo moja tu. Moja! Usiliguse." Alifunga bomba kwa nguvu. "Na nisikudanganye. Leo asubuhi nilisema moyoni, acha, labda hawataona. Nilijiona mtu mwema. Sasa nikirudishiwa asubuhi hiyo, ningefumua, mama. Nakwambia kweli. Ningefumua huku nakutazama usoni."

"Hata mimi ningetaka hivyo."

"Watoto nitawaambia nini?"

Mama Fumua akanyoosha mkono, na Bobini akauacha mkono ule umlalie begani kidogo, halafu akajitoa, akaenda.

Jumatatu Mama Fumua alipanda ngazi mpaka ofisi ya msimamizi, mahali ambapo kwa kawaida huitwa watu waliokosea.

"Nimekuja kukuachia kiti," akasema. "Macho yameisha. Mpe Bobini."

Msimamizi alimvutia benchi. Alikuwa mtu mwepesi wa kukasirika, lakini siku hiyo hakukasirika, na hilo lilimtisha Mama Fumua zaidi. "Kiti chako hakirithiwi, mama. Siku utakayotoka, chumba kinafungwa. Majoho yataagizwa kiwandani. Limeshaandikwa."

"Limeandikwa wapi?"

Akamsogezea karatasi, kisha akakumbuka, akaivuta tena polepole. "Ndiyo maana nilikuwa namwombea ashinde. Mshindi anapewa nafasi yake mwenyewe. Wa pili hana."

Mama Fumua akakunja pindo la kanga, akalikunjua.

"Na je, kama wa pili alikwamishwa na mtu mwingine?"

Msimamizi akaweka kalamu mezani. "Mama. Ukiniambia neno kama hilo, sina budi niliandike. Nikiliandika, majaji watachukua cheti na barua. Barua yenyewe wameshaipokea kwenye karakana ya magodoro, wanamngoja Jumatatu ijayo. Sasa nakuuliza, na fikiri vizuri. Una neno la kuniambia?"

Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kumeza neno tangu aote meno. Alimfumua profesa, alimfumua bwana harusi, angemfumua malaika kama angeshuka na kanzu iliyopinda. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea, na chini uani mtu alikuwa anaburuta ngazi.

"Ninalo," akasema. "Kiuno chako kimeongezeka tena."

Msimamizi alimtazama, akainamisha kichwa. "Asante, mama."

Alishuka zile ngazi akishika ukuta.

Ijumaa Bobini alikuja kuchukua vitu vyake: mkasi, kastabini ya kukinga kidole, kikombe, na kandambili za ndani. Alikuwa ameshapoa hasira, na kupoa kwenyewe kulikuwa kubaya, maana mtu aliyepoa ameshaanza kuondoka. Walizungumza habari za watoto, na barabara ya kwenda kwenye magodoro, ambayo ni ng'ambo ya pili ya mji.

"Magodoro wanashona nini?"

"Foronya zake. Mishono mirefu, iliyonyooka, ya mashine tu. Inalaliwa, haitazamwi na mtu."

"Mkono wako utaharibika."

"Mkono utakula, mama."

Mama Fumua akaitikia kwa kichwa. Akataka kumpa kitu, akatazama chumba kizima, na kila alichokiona kilikuwa cha chuo. Mwishowe akamnyoosha kola ya blauzi, ambayo ilikuwa imenyooka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama. Bado inauma, lakini nimekusamehe."

"Utakuja?"

"Jumapili."

"Jumapili ziko nyingi."

"Nitakuja, mama."

Na alikuja, Jumapili moja, na watoto wote wawili, wakacheza na vifungo chini ya meza ya nyumbani. Baada ya hapo kule kwenye magodoro wakaanza kufanya kazi Jumapili.

Chuo kiliagiza majoho arobaini ya mahafali. Mama Fumua aliyakata, akayashona, maana siku atakayosema hawezi ndiyo siku chumba kitakapofungwa, na hakutaka kukifunga kwa mdomo wake. Alitumia mashine palipowezekana. Palipotaka mkono, alikwenda dirishani, akaikaribisha nguo usoni kama mtu anayeinusa.

Siku moja mama wa chai aliingia na sinia, akamkuta ameshika joho kwa mikono miwili, amelinyoosha mbele ya mwanga.

"Shoga, weka hiyo chai. Njoo uniangalizie. Huu mshono umenyooka?"

"Umenyooka," akajibu mama wa chai.

Alikuwa amejibu kabla hajaliweka sinia mezani, wala hajasogea kutazama. Mama Fumua akalishusha joho magotini, akaendelea kulitazama pale alipodhani pana mshono, na chai ikapoa.